Rafiki yangu anakimbia Chake mpaka Wete kuchangia watoto wa vita. Hivi asipokimbia hatutotoa?

#1 KarafuuKavu
Asalaam alaykum. Nna rafiki yangu nimesoma nae toka skuli ya msingi, sasa hivi ni mwalimu Wete. Mwezi ujao Jumapili moja baada ya alfajiri atakimbia kutoka uwanja wa Gombani mpaka Wete, peke yake, hana klabu hana mdhamini, anachangisha pesa za watoto waliokimbia vita Pemba. Ana kaunta buku moja kubwa, kurasa kazichora kwa rula, jina, namba ya simu, ahadi kwa kila kilomita. Juzi kanijia nyumbani baada ya magharibi, kakaa, kanywa chai, kala mkate wa kumimina vipande vitatu, ndo kalitoa daftari lake.
Nkamwambia kutoa ntatoa lakini mbona sielewi. Mtoto alokimbia vita anataka chakula, anataka skuli, anataka pahala pa kulala. Jasho lako wewe linamfaa nini? Si useme tu jamani kuna watoto kadhaa wana hali hii, tutoe, na wewe ulale zako? Akanitazama akasema "ningekuja hivyo ungetoa?" Nkanyamaza, maana mwaka jana alinitumia ujumbe wa mchango kama huu huu nkausoma nkaupita.
Tangu siku ile linanikera. Kwanini mpaka mtu aumie miguu ndo mkono wetu ufunguke?

#2 KijanaWaDarajani
Pemba kuna vita???? Lini? Mama mkwe wangu yuko Konde nimezungumza nae asubuhi hii hii, kanambia umeme tu ndo hakuna

#3 Mpemba_Halisi
Na mie nimeshtuka. Nimetoka nje kutazama, naona kuku tu

#4 Dago_Kusini
Pemba ya Msumbiji nyie, mji mkuu wa jimbo la Cabo Delgado. Wareno walikuwa wakiuita Porto Amélia, jina limebadilishwa walipopata uhuru 1975. Mie nimepiga dago (kambi ya wavuvi) kule misimu miwili, ukishuka pwani unakutana na Wamwani, lugha yao ukiisikiliza ni kama mtu wa Tumbatu anaongea na pipi mdomoni, maneno mengi unayashika bila kufundishwa.
Vita vilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Palma ikavamiwa Machi 2021, hio ndo ilitangazwa dunia nzima kwa sababu ya kampuni za gesi, lakini watu walikuwa wanakimbia miaka mitatu nyuma. Mwaka 2020 mashua zilikuwa zinashusha watu Paquitequete, ufukwe ule ule tuliokuwa tukianikia dagaa sie. Watu wamejaa chomboni mpaka maji yanakaribia kuingia, wanawake na watoto. Mwenzangu mmoja alobakia kule alinipigia simu usiku akasema hapa hapana tena pa kuweka mguu.
Kwahio mtoa uzi mwambie rafiki yako aandike Pemba ipi, asije akatutia presha wazee wetu.

#5 KarafuuKavu
Samahani jamani, kosa langu, yeye kwenye daftari kaandika vizuri kabisa Cabo Delgado. Mie ndo nimefupisha.

#6 KijanaWaDarajani
Nshampigia mama mkwe mara ya pili kumwambia hakuna vita. Sasa ananiuliza vita gani

#7 Chumvi7
Mie nina jibu fupi la swali lako, anakimbia ili apige picha. Siku hizi hakuna kheri bila ya fulana. Kuna matembezi ya hisani nilichangia miaka ya nyuma, elfu ishirini yangu taslimu, kikundi sikitaji, tukatembea, tukapewa fulana na soda na keki, nkasema alhamdulillahi. Baadae mmoja wao katika kamati akateleza ulimi barazani, fulana pekee zimekula zaidi ya nusu ya mchango. Ile fulana ninayo mpaka leo, nafutia baskeli. Kila nikiifuta naona nafuta kwa pesa za yatima

#8 FundiBaskeli
@Chumvi7 si bora ungeivaa basi

#9 MzeeWaBaraza
Vijana mnazunguka sana. Hapa hakuna kuumia wala kutoumia, mtu hatoi kwa sababu ya jambo, anatoa kwa sababu ya mtu. Harusi ikija kadi ya mchango unamtazama bibi harusi? Unatazama nani kaleta kadi. Akileta shemeji yako unatoa hata kama hao maarusi huwajui sura. Huyu mwalimu angekaa nyumbani hana kadi ya kukuletea. Mbio ndo kadi yake. Na ile chai na mkate wa kumimina ulomlisha ndo umekwisha, ushakuwa ndani ya daftari hata kabla hajalifungua.

#10 KarafuuKavu
@MzeeWaBaraza lakini mzee mwaka jana alieniletea ujumbe ni yeye yeye, mtu yule yule, na sikutoa. Kwahio si mtu tu.

#11 MzeeWaBaraza
Mwaka jana hakuja nyumbani. Kakutumia simu. Simu haina uso.

#12 Ustadh_Mtambwe
Wa alaykum salaam. Suala la msingi hapa ni nia. Kutoa hadharani hakukukatazwa, Suratul Baqara aya ya 271 inasema mkizidhihirisha sadaka ni vizuri, na mkizificha mkawapa mafakiri ni bora zaidi kwenu. Kwahio anaetangaza ili watu waige hana ubaya, anaetangaza asifiwe ndo huyo amepata alichokitaka hapa hapa. Hatuna kipimo cha moyo wa mtu @Chumvi7, tusimhukumu mwalimu.
Jengine, msimpe pesa za zaka kwa kudhani ni sawa tu. Zaka ina watu wake wanane, Suratu Tawba aya ya 60, na anaeipokea awe na hakika itawafikia hao. Hii muitie kwenye sadaka muwe na amani.

#13 FundiBaskeli
Ustadh hebu nisaidie hapo hapo. Mie nilitaka kuahidi lakini kwa sharti, kilomita 15 za mwanzo sitoi kitu, nachanga kuanzia ya 16 elfu tano kila moja. Mke wangu anasema hio kamari

#14 Mpemba_Halisi
Hahaha wewe umeshapiga hesabu kuwa hafiki 16, useme kweli

#15 Ustadh_Mtambwe
Kamari mtu analiwa na mwengine anakula. Hapa akifika au asifike hakuna anaerudi na pesa ya mwenzake. Wanazuoni wana mlango unaitwa ju'ala, kama mtu kusema atakaeniletea ng'ombe wangu alopotea nitampa kadhaa, na katika Suratu Yusuf iko, atakaelileta kopo la mfalme atapata mzigo wa ngamia. Lakini hapo anaelipwa ni yule aliefanya kazi, na hapa analipwa mtoto alioko Msumbiji, kwahio mie naiona ni ahadi tu yenye sharti. Ahadi ni deni. Ila nia yako ya kuombea mtu ashindwe hio ukaizungumze na Mola wako.

#16 UrojoMoto
KarafuuKavu swali lako lishafanyiwa utafiti bwana, usidhani ni la kwako peke yako. Olivola na Shafir, 2013. Waliwauliza watu watachanga kiasi gani kama hafla ya mchango ni kwenda kula nje na kupiga soga, na kiasi gani kama ni mbio za kuchosha. Wa mbio wakawa tayari kutoa zaidi. Yani kitu kigumu kinavuta pesa kuliko kitu kitamu, kinyume na akili ya kawaida. Maelezo yao ni kwamba maumivu yanaupa mchango uzito, unahisi umefanya jambo.
Na kuna kipande nakipenda zaidi, ikiwa mchango ni wa watu wanaoteseka watu wanapendelea njia ya kuumia, lakini ikiwa ni wa bustani ya kupumzikia wanapendelea ile ya raha. Shida kwa shida, starehe kwa starehe.

#17 Konda606
Sasa hapo mbona huo utafiti haukuhitaji wazungu, nenda msibani ukiwa umevaa suti ya harusi uone utavyotazamwa

#18 Konda606
Halafu jengine, mie nimekaa kwenye daladala ya 606 miaka kumi na moja. Chake Wete tunahesabu kilomita 30. Huyo mwalimu anajua au anakwenda kujua njiani? Barabara ya zamani ile ina vilima, gari yenyewe inalia

#19 Mpemba_Halisi
Wapi 30? Mbona kwenye mradi wa barabara wanataja 22 na pointi?

#20 Konda606
Mradi unahesabu unakoanzia mradi. Mie nahesabu ninapoanza kusukuma watu wakae vizuri

#21 KarafuuKavu
Nimemuuliza. Anasema ahadi zinahesabiwa kilomita 21, nusu marathoni, basi. Zinazobakia mpaka Wete ni nyongeza hazimo kwenye daftari, anakwenda kwao tu.
Na mazoezi nishamuona nayo mie kwa macho yangu. Jumamosi nilikuwa natoka kwa wazee nkakutana nae barabarani, asubuhi mapema, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya lami, harufu imetawala, yeye anazipita kwa kuruka ruka kama mbuzi asije akazikanyaga. Akatoka bibi mmoja na ungo mkononi anapiga kelele "mwanangu unafukuzwa na nani?" Akajibu "sifukuzwi bibi nafanya mazoezi". Bibi kamtizama weee, halafu akatazama alikotoka, hakumuamini. Kamwita ndani akampa maji na kipande cha muhogo na akafunga komeo la mlango kabisa. Kakaa mule dakika kumi mpaka bibi aliporidhika hakuna anaemfuata.

#22 BintiWaMalindi
😂😂 Huku mjini vikundi vya mazoezi vishajaza barabara, tarehe 1 Januari ndo usiseme, nchi nzima inatembea. Kule shamba mtu mzima akikimbia ama kuna moto ama kuna mwizi

#23 Mzanzibari_Toronto
Salaam kutoka kwenye baridi. Huku kwetu jambo hili lina mwenyewe, anaitwa Terry Fox. Kijana alikatwa mguu kwa saratani, akavaa mguu wa bandia, mwaka 1980 akaivuka Kanada nzima kwa kukimbia, kila siku karibu marathoni moja, akitaka kila Mkanada atoe dola moja. Mpaka leo kila Septemba watu wanakimbia kwa jina lake, wanangu skuli wanakimbia. Kwahio hii si mambo ya fulana ndugu yangu Chumvi7

#24 UrojoMoto
Hakuivuka nzima. Alianzia St. John's mwezi Aprili, akakimbia siku 143, kilomita 5,373, akasimama karibu na Thunder Bay Septemba 1 kwa sababu saratani ilishaingia mapafuni. Alifariki mwaka uliofuata. Na pesa zile zilikuwa za utafiti wa saratani si za vita.

#25 Mzanzibari_Toronto
Lahaula. Niko Kanada miaka 19 nasahihishwa na mtu wa Ng'ambo ya Unguja

#26 UrojoMoto
Bando limeshuka bei

#27 MzeeWaBaraza
Mbona mwetu tunae John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki Mexico 1968, kaanguka goti limefunguka, kafungwa bendeji, kaingia uwanjani wa mwisho giza limeshaingia. Hakuna alieahidi senti kwa kilomita.

#28 Konda606
Na Simbu je, Tokyo 2025 dhahabu ya dunia, saa 2:09:48, kamzidi Mjerumani kwa sekunde 0.03. Mtu unakimbia kilomita 42 mnatofautiana kupepesa jicho. Mie nililia kwenye gari abiria wananitazama

#29 Chumvi7
Tumetoka kwenye watoto tumekuja kwenye medali. Haya, na mie nirudi kwenye langu maana sijamaliza. Kuna watoto hapa hapa kisiwani wanasomea chini, madawati hakuna, mwalimu mwenyewe analijua hilo kwa sababu ni mwalimu! Kwanini asikimbie kwa hao? Watoto wa Msumbiji wana serikali yao, wana gesi yao. Kwanini mtu arukie bahari?

#30 BintiWaMalindi
@Chumvi7 hilo ni la zamani sana. Uingereza 1919 vita vimekwisha lakini Waingereza wamezuia meli za chakula, watoto wa Austria na Ujerumani wanakufa njaa. Mama mmoja Eglantyne Jebb akasimama Trafalgar Square anagawa karatasi zenye picha ya mtoto wa Austria alokonda. Watu wakamwambia hayo hayo yako na zaidi, hao ni watoto wa adui. Kakamatwa, kafikishwa mahakamani, kapigwa faini ya pauni tano. Aliemshitaki mwenyewe ndo akatoa pauni tano akampa, na hio inahesabiwa mchango wa mwanzo wa Save the Children, shirika la kusaidia watoto. Sasa niambie nani alimlazimisha yule mwendesha mashtaka? Hakuna mtu alokimbia pale. Mama kasimama kizimbani tu.

#31 KarafuuKavu
Hii kali. Kwahio hapo tena kuna mtu kalipia kitu kwanza, kashitakiwa, ndo mwengine katoa.

#32 MzeeWaBaraza
Au kaona haya. Usiisahau haya, haya ndo inayofungua mifuko mingi zaidi.

#33 Chumvi7
Hadithi nzuri lakini madawati bado hakuna

#34 Nesi_Mstaafu
Naomba niseme kidogo na mie maana sote tunazungumza miguu ya mwalimu, watoto hatujawagusa. Nilifanya kazi Nyarugusu, Kigoma, 2015 Warundi walipoanza kuingia kwa wingi. Kambi ile ipo tangu 1996 ilijengewa Wakongo, ikawa inapokea na hawa juu yake.
Siku moja tunapima uzito watoto. Kaja mvulana wa miaka minane hivi, mgongoni kambeba mdogo wake wa kike kamfunga kwa kitenge. Namwambia mshushe nimpime, hataki. Namwambia kwa Kiswahili, mwenzangu anamwambia kwa Kirundi, hataki. Hatukumlazimisha, tukampandisha kwenye mizani na mdogo wake mgongoni, wote wawili, tukaandika, halafu tukakaa tunafikiri tutatoaje uzito wa mmoja. Mpaka jioni ndo akasema mama yake alimwambia usimuachie mpaka nije. Walipoteana njiani. Kitenge kile kilishamkata bega, pana alama nyekundu kama mtu alobeba gunia.
Huyo anataka nini? Chakula alipewa siku ile ile. Kinachokuwa kigumu ni mtu wa kukaa na daftari aandike jina lake, la mama yake, kijiji, walipotea wapi, na mwengine wa kuyalinganisha majina na ya kambi nyengine. Na familia ya kuwapokea kwa muda bila kuwatenganisha. Na uwanja wenye kamba na mpira na mtu mzima anaejua kwanini mtoto huyu hachezi. Kazi hizo hazipigwi picha vizuri, ndo maana hazipati pesa.
Mwambie mwalimu aulize kabla ya kukimbia. Pesa inakwenda kwenye lipi katika hayo? Wakimjibu kwa mafumbo atafute wengine.

#35 FundiBaskeli
Yule mtoto mama yake alionekana?

#36 Nesi_Mstaafu
Nilihamishwa kituo kabla sijajua.

#37 Dago_Kusini
Dada umenikumbusha ile 2020. Na kwa mchango wa maneno, Graça Machel mwenyewe ni wa Msumbiji, alikuwa waziri wa elimu tangu uhuru, ndo Umoja wa Mataifa wakampa kazi ya kuandika ripoti ya watoto na vita, ikatoka 1996. Nchi yake ilikuwa ndo kwanza imetoka kwenye vita vya 1977 mpaka 1992. Miaka 25 baada ya vile, Mocímboa ikaanza.

#38 MwanaWaShimoni
Mie huwa nasoma tu siandiki. Leo naandika kwa sababu ya Chumvi7, na simwandikii kwa ugomvi.
Mwaka 2001 nilikuwa na miaka tisa. Wanaojua wanajua Januari ile Pemba kulikuwaje, sitaki kuingia huko. Tulivuka usiku mpaka Shimoni, Kenya, watu kama elfu mbili tulifika kule. Nakumbuka maji ya mashua yalikuwa kwenye vifundo vya miguu na ndugu yangu anayateka kwa kopo la maziwa. Watu wa Shimoni ni kama sisi, lugha moja, dini moja, lakini hatukuwa wao. Walikuja mabibi na sufuria. Mmoja mnene ana meno ya dhahabu mawili, hakuleta chakula, alileta kitana na chupa ya mafuta ya nazi. Akakaa kwenye gogo akatuita watoto wa kike mmoja mmoja akatusuka. Siku tatu alikuwa anakuja. Alikuwa akinichana nywele ananiuliza Kwetu kuna nini kizuri, nikamwambia shokishoki.
Yule bibi watoto wa kwake walikuwa hawana shida? Walikuwa nazo. Mie simjui jina mpaka leo.
Ahadi yangu elfu mbili kwa kilomita, nipe namba ya mwalimu.

#39 Msimamizi_Uzi
Shukran @MwanaWaShimoni. Wengine naomba siasa za miaka ile zisiingie hapa, zina uzi wake.

#40 Chumvi7
Nimesoma. Mia tano kwa kilomita. Lakini fulana sitaki, na nataka risiti

#41 Mpemba_Halisi
500 mara 21 elfu kumi na mia tano. Karibu kundini shekhe. Mie mia, msinicheke, mwezi huu nina harusi tatu

#42 Konda606
Mia mara 21 ni 2,100, kutoka Chake unashuka njiani hata Wete hufiki

#43 KarafuuKavu
Nimempelekea maneno ya Nesi. Kaandika barua pepe kwa wale wanaopokea, wakamjibu baada ya siku nne kwamba zinakwenda kwenye maeneo ya kuchezea na kuunganisha watoto na jamaa zao. Kawaandikia tena wamtajie ni wapi hasa. Na makato ya kutuma analipa yeye kutoka mshahara wake. Fulana hakuna, atavaa ya skuli ya zamani imeandikwa mgongoni "Mlezi".
Kucha ya kidole gumba imegeuka nyeusi, anatembea kama bata darasani, wanafunzi wanamwigiza.

#44 UrojoMoto
Ongeza kwenye utafiti, kucha moja kwa shilingi ngapi

#45 BintiWaMalindi
Mwambie alegeze kamba za raba wakati wa kuteremka vilima au anunue namba kubwa moja zaidi. Kucha inagonga mbele ndo maana

#46 KarafuuKavu
MREJESHO. Jana alhamdulillahi kakimbia. Kaondoka Gombani saa kumi na mbili kasorobo, mie niko nyuma yake kwa pikipiki na maji na ndizi na daftari nimelifunga kifuani kwa mtandio wa mke wangu lisiloe. Mpaka kilomita ya kumi kakimbia vizuri anazungumza. Kumi na tatu kanyamaza. Kilima kimoja pale kanambia "zima pikipiki, mlio wake unanitia uvivu", nkawa naisukuma kwa mkono, kwahio na mie nimeumia jamani hilo liandikwe. Kilomita ya kumi na saba miguu imekamatwa misuli, kakaa chini kwenye nyasi, bibi yule yule wa ungo katokea, mie nilidhani nyumba yake iko kwengine kabisa, kumbe yuko kwa mwanawe, kamsugua miguu na mafuta anamlaumu "si nilikwambia unafukuzwa". Kainuka. Kutoka 17 mpaka 21 katembea, siwezi kusema kakimbia. Halafu katembea mpaka Wete kwao, watoto wa skuli wakatoka kumpokea, wengine miguu mitupu, wakaingia nae mjini saa nne na robo. Mmoja kamuuliza mwalimu, wale watoto wa kule watajua kama umekimbia? Akasema hawatojua. Mtoto akauliza sasa kwanini umekimbia. Mwalimu kanitazama mie kama mie ndo nnalo jibu.
Waloahidi naomba mtume, namba nimewapa inbox.

#47 FundiBaskeli
Hongera sana kwake. Sasa twende kwenye hesabu. Mie nilisema kuanzia ya 16, na nilisema AKIKIMBIA. Kakimbia ya 16 na ya 17. Elfu kumi

#48 Mpemba_Halisi
Ebo! Post 13 hukuandika akikimbia, rudi ukasome. Umeandika "nachanga kuanzia ya 16 elfu tano kila moja". Ni kilomita sita, 30,000

#49 FundiBaskeli
Uzi unaitwa anakimbia. Kichwa cha habari ni sehemu ya mkataba

#50 Konda606
Mie abiria akishuka njiani akamalizia kwa miguu nauli simrudishii

#51 MzeeWaBaraza
Ustadh njoo huku.

#52 Ustadh_Mtambwe
Ile ya 17 alikaa chini mwanzo wake au mwisho wake?

#53 KarafuuKavu
Katikati

#54 FundiBaskeli
Basi 7,500

#55 MwanaWaShimoni
Mie nishatuma 42,000. Na za kutembea nimelipa sawa na za kukimbia, sie Shimoni hatukukimbia, tulikaa kwenye mashua.

#56 FundiBaskeli
Mke wangu kasoma hio post. Nimetuma 30,000

#57 Mgeni_Ziwani
Salaam nyote, nimeona kichwa cha uzi tu sijasoma ndani. Watoto wa vita Chake na Wete?? Pemba kuna vita gani tena jamani mama yangu yuko Micheweni simu haipokelewi

#58 KijanaWaDarajani
Kaka kaa chini. Unywe maji. Uanze post namba 4